Nge na Ngali katika Historia ya Ugogo

Historia ni elimu ya mambo yaliyokuwa. Hata hivyo hapana mwandishi wa historia awezaye kumaliza sura moja bila ya kutaja mambo yasiyokuwa. Akisema kwamba vita vilileta njaa, amekwisha kusema kimoyomoyo kwamba vita visingalikuja, njaa isingalikuwa kali kama ilivyokuwa. Akimlaumu mtawala kwa uzembe, amekwisha kudai kwamba mtawala yule angaliweza kutenda vingine. Sababu zote za historia, na lawama zake zote, hupimwa kwa mizani ya mambo yasiyotokea. Kwa hiyo viambishi viwili vidogo vya Kiswahili, -nge- na -ngali-, ni vyombo vya kazi kwa mwanahistoria kama jembe lilivyo chombo cha kazi kwa mkulima.

Nazungumza habari hii kwa sababu chombo kimoja katika viwili hivyo kinaanza kushika kutu. Katika insha nyingi za wanafunzi wa siku hizi, -nge- hufanya kazi yake na ya mwenziwe; -ngali- huonekana katika mtihani wa sarufi, halafu hurudishwa kabatini. Baadhi ya watu husema hapana hasara. Mimi naona hasara ipo, na mahali pa kuionyesha nimechagua uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania, Dodoma na jirani zake. Nchi hiyo imepangiwa mambo mengi na watu waliotoka mbali. Mengine yalitimia, mengine hayakutimia, na mengine yalikawia mno hata watu wakadhani yamekufa.

Tuanze na kanuni yenyewe. Mkulima wa Ugogo anaweza kuisemea mvua kwa namna tatu. Akisema, "Mvua ikinyesha tutapanda uwele," mlango u wazi, anangoja tu. Akisema, "Mvua ingenyesha tungepanda uwele," mlango umeshindikwa. Mvua haipo, wala dalili yake haionekani, lakini msimu haujapita na upepo waweza kugeuka. Akisema, "Mvua ingalinyesha tungalipanda uwele," mlango umefungwa kwa kufuli. Msimu umepita, na maneno yaliyobaki ni ya kuhesabu hasara. Kanuni inataka kiambishi kilichowekwa katika sharti ndicho kiwekwe katika jawabu, na ndiyo maana mwalimu hupiga mstari mwekundu chini ya "angalisoma angefaulu." Katika kukanusha, wengi leo husema "isingenyesha" na "isingalinyesha", zamani ilisikiwa sana pia "haingenyesha" na "haingalinyesha", wala si makosa. Vitenzi vifupi hushika ku- yake: ningekula, ningalikunywa.

Kanuni hii ina wazee wake. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha kitabu chake cha misingi ya Kiswahili mwaka 1850. Edward Steere alichapisha kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na humo wakati wa -nge- uliwekwa kuwa wa sasa na ule wa -ngali- kuwa wa zamani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha vitabu vya shule. Na mwaka 1944 ikatoka sarufi ya E. O. Ashton, iliyotumiwa na vizazi vya walimu. Basi kanuni iliyofundishwa Dodoma ilizaliwa pwani katika vinywa vya watu, ikaandikwa na wageni, ikapanda bara ndani ya vitabu.

Lakini kanuni kuandikwa na wageni si sababu ya kuidhani ngeni. Tazama neno "angali" katika "angali kijana", maana yake bado ni kijana. Yamkini -ngali- ya sharti imeundwa kwa vipande hivyo hivyo: -nga-, ambayo bado tunaisikia katika "ingawa", na -li, kitenzi cha kale cha kuwa. Ikiwa ni hivyo, neno zima lililokuwa na miguu yake lilichoka kusimama peke yake, likaingia ndani ya vitenzi vingine na kuwa kiungo chao.

Jambo la namna hiyo limetokea katika lugha za mbali. Kihispania kina wakati wa sharti ulio mwepesi kuliko nyakati zake nyingine. Kitenzi cha kawaida hakikatwi. Huchukuliwa kizima na kutiwa mkia. Hablar ni kusema, comer ni kula, vivir ni kuishi. Katika sharti huwa hablaría, comería na viviría, yaani ningesema, ningekula, ningeishi. Makundi matatu ya vitenzi, ambayo katika nyakati nyingine hutofautiana mikia, hapa hutumia mikia ile ile: -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. Wataalamu wa lugha zilizotokana na Kilatini hutufahamisha kwamba mkia huo ulikuwa kitenzi kamili, kitenzi cha kuwa na kitu katika wakati uliopita, kikachakaa hata kikabaki sauti mbili. Kwa mlango uliofungwa, Wahispania hawana kiambishi kama -ngali-; huita kitenzi cha kusaidia na kusema habría hablado, ningalisema. Tena, upande wa sharti wao hutumia umbo jingine kabisa la kitenzi, ilhali Mswahili hutia kiambishi kimoja pande zote mbili, kama mtu atiaye kamba moja ncha mbili za mzigo. Njia ni mbalimbali, lakini haja ni moja: lugha zote mbili zimeona kwamba lisilokuwa bado na lisiloweza kuwa tena ni mambo mawili.

Turudi Ugogo. Kiswahili kilifika huko kabla ya vitabu vya sarufi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia nchi ya Wagogo. Huko watemi walidai hongo, na hongo haikutolewa bila ya maneno. Wamisionari wa Kiingereza walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Wajerumani wakafuata na maboma yao. Na mwaka 1910 reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Dodoma. Nadhani lugha ya safari, ya soko na ya stesheni haikuwa na haja kubwa ya -ngali-. Apatanaye bei hutazama mbele: ungeongeza kidogo, ningekupa, ungepunguza, ningenunua. Adabu nayo hutaka -nge-: "Ningependa kuuliza" ni upole. "Ningalipenda kuuliza" ni kilio cha mtu aliyekosa nafasi. Kwa hiyo watu wengi wa bara, waliokuwa na lugha zao za mama na kukipata Kiswahili njiani, yamkini waliizoea -nge- kwanza, na -ngali- wakaipata baadaye shuleni na katika maandiko.

Wala asidhani mtu kwamba aliyekipata Kiswahili hivyo hakuweza kukimiliki. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliandika historia, mila na desturi za Wagogo kwa Kiswahili, kitabu kikatoka mwaka 1954. Tena alikuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa wakati wake, na ngonjera za leo zina deni kwake. Mshairi huyaona maneno kwa jicho la mizani. "Ningekuja" ni silabi nne. "Ningalikuja" ni silabi tano. Katika kipande cha mizani minane tofauti ya silabi moja yaweza kuupasua ubeti, na mara nyingine haja ya mizani humshinda mshairi, akachukua -nge- pale maana ilipotaka -ngali-. Mshairi tutamsamehe, kwa kuwa amefungwa na hesabu. Mwandishi wa nathari hana kifungo hicho. Akiiacha -ngali-, ameiacha kwa hiari yake.

Sasa tuvijaribu viambishi hivi katika mambo matatu ya uwanda huo.

La kwanza ni njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyowapiga tangu mwaka 1917 hata mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kwa ajili ya majeshi yao. Waingereza walioingia Dodoma mwaka 1916 nao walichukua. Kisha mvua zikakosa. Watu walikufa kwa maelfu, na wengine wakatawanyika kutafuta chakula katika nchi za jirani. Ni nani aliyewaua? Mwenye kutaka jawabu hana budi kuunda sentensi mbili. Ya kwanza ni hii: mvua zingalinyesha, watu wangalipona. Ya pili ni hii: vita visingalikuja, maghala na vilindo vingalikuwa na akiba, na zizi lingalikuwa na ng'ombe wa kubadili kwa nafaka. Sentensi ya kwanza inaishitaki mbingu. Ya pili inazishitaki serikali mbili. Wagogo walikwisha kupatwa na ukame mara nyingi kabla ya hapo, na walikuwa na njia zao za kuupita: kuweka akiba, kuuza mifugo, kwenda kwa ndugu na marafiki waliovuna. Ukame wa miaka ile uliwakuta wamenyang'anywa hizo njia. Basi sentensi ya pili ina uzito ambao ya kwanza haina, kwa sababu mbingu haikuwa na hiari, na serikali zilikuwa nayo. Hapa -ngali- haikuja kwa urembo. Imekuja kwa hukumu.

Jambo la pili ni karanga za Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa muda wa majuma machache, na mapema mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikatangaza mpango wake. Mpango uliandikwa kwa Kiingereza, lakini roho yake ikifasiriwa ni roho ya -nge-: misitu ingefyekwa, mashamba 107 yangelimwa, kila shamba lingekuwa na ekari 30,000, jumla ingekuwa ekari zaidi ya milioni tatu, na gharama ingekuwa karibu pauni milioni 25. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ingekuwa Tanganyika, na kazi ikaanzwa Kongwa, mashariki ya Ugogo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mizizi ya vichaka ilizivunja mashine, ambazo nyingine zilikuwa mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali na mfinyanzi. Ukikauka baada ya mvua huwa mgumu kama sakafu, na karanga, ambayo huzaa chini ya ardhi, haing'oleki kwa urahisi. Mvua ya nchi hiyo ni chache, nayo hunyesha miezi michache tu, kadiri ya Desemba mpaka Aprili. Mwaka mwingine hudanganya. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Januari 1951 mpango mkubwa uliachwa, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa karibu pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa ikaja kuwa malisho ya ng'ombe, kazi ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya tangu zamani bila ya trekta.

Mtu akiandika leo, "Wataalamu wangepima mvua, mpango ungefaulu," nashindwa kujua anasema nini. Je, mpango ungali hai? Je, anatoa shauri? Au analaumu? Utasema maelezo ya jirani yatanionyesha. Mara nyingi ni kweli. Lakini aandikaye, "Wataalamu wangalipima mvua kwa miaka kadhaa, mpango usingalianzwa Kongwa," amesema mambo mawili kwa pamoja: kwamba jambo limekwisha, na kwamba yeye anatoa hukumu na yuko tayari kuulizwa ushahidi wake.

Na ushahidi ni lazima, kwa maana -ngali- ina hatari yake pia. Ni rahisi mno kumhukumu mtu wa jana kwa elimu ya leo. Mwandishi akisema, "Wangalijua, wasingalithubutu," sisi tumwulize: je, ilikuwako njia ya kujua? Katika habari ya Kongwa njia ilikuwako. Wagogo walikuwa wakiishi na mvua ile na udongo ule kwa vizazi. Walilima uwele na mtama kwa sababu nafaka hizo huvumilia ukavu. Walifuga kwa sababu ng'ombe huweza kuhama na shamba haliwezi. Wangaliulizwa, wangalisema. Sharti hilo halikuwa ndoto. Lilikuwa umbali wa maneno machache. Hapo ndipo lawama inaposimama kwa haki. Sharti ambalo halikuwezekana katika wakati wake halina hukumu ndani yake, hata likipambwa kwa -ngali- kumi.

Jambo la tatu ni makao makuu. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na muda uliowekwa ulikuwa miaka kumi. Mwaka 1983 ulifika na kupita. Wizara nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam. Miaka ya 1990 ilipita vivyo hivyo, na watu walianza kulitaja jambo hilo kwa tabasamu. Mwandishi wa mwaka 1995 angetumia kiambishi gani? Kama angaliandika, "Serikali ingalihamia Dodoma, mji ungalikua," angalikuwa amemzika mtu aliye hai. Kwa maana Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhama kwa kweli, na wizara zikahama. Na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Mlango ulikuwa umeshindikwa kwa zaidi ya miaka arobaini, lakini haukutiwa kufuli. Katika miaka ile yote, neno la haki lilikuwa -nge-.

Tuyaweke mambo haya matatu pamoja, tuone funzo lake. Kongwa na makao makuu yote mawili yalianza kwa -nge-, yaani mpango wa watu juu ya nchi kavu. Mmoja uligeuka -ngali- katika miaka minne. Mwingine ulingoja miaka arobaini na mitatu bila ya kugeuka. Tofauti ya viambishi hivi, basi, haiko katika wingi wa miaka peke yake, kama kanuni ya shule ya "sasa" na "zamani" inavyoweza kutudanganya. Iko katika hali ya mlango. Mwandishi hana budi kuyachunguza mambo kwanza, ajue kama yamefungwa, ndipo achague kiambishi. Anayeandika -nge- kila mahali amejiepusha na uchunguzi huo.

Nakubali kwamba katika mazungumzo kanuni hii haishikwi kwa ukali, hata pwani ilikotoka. Wako wasemao ningali-, wako wasemao ningeli-, wako watosheka na ninge- kwa yote, na husikilizana. Neno "ningalijua" limekuwa jina la majuto, nalo husemwa kwamba huja nyuma. Mmoja hulitamka "ningelijua", mwingine "ningejua", na majuto ni yale yale. Sitaki kumweka askari wa sarufi sokoni Majengo. Mnunuzi na muuzaji wanaonana macho. Uso na sauti huwakamilishia maana. Lakini msomaji wa historia hamwoni mwandishi. Huenda akasoma miaka hamsini baada ya mwandishi kufa, wala hana wa kumwuliza: ulikusudia kushauri, au ulikusudia kuhukumu?

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huja baada ya babu kutenda, naye ndiye anayerithi deni. Mwanafunzi wa Dodoma anayeandika leo habari za Mtunya au za Kongwa ni mjukuu wa mambo hayo kwa maana mbili: kwa ukoo na kwa elimu. Waliokufa katika Mtunya hawana wa kuwasemea ila yeye. Nao wanastahili kusemewa kwa neno lisilo na shaka, neno linaloonyesha ni nani aliyeweza kutenda vingine na hakutenda. Na kwa mipango mipya inayoletwa kila mwaka juu ya nchi ile ile kavu, wanaostahili ni walio hai, ili waulizwe mapema, mlango ukiwa umeshindikwa tu. Kiswahili kimempa mwandishi -nge- kwa hawa na -ngali- kwa wale. Asivichanganye.